Filamu fupi ya kwanza kwa laki tatu na ishirini: mwongozo kamili kwa mwanafunzi

Skripti yangu ya kwanza chuoni ilikuwa na kurasa 31, wahusika 14, msiba mmoja, harusi mbili na gari linalotumbukia mtoni. Tulishuti siku nne, tukagombana, kamera ya kuazima ikarudi kwa mwenyewe, na mpaka leo faili zake zimelala kwenye diski hazijahaririwa. Ya pili ilikuwa na kurasa sita, watu wawili na fremu moja (chumba cha biashara) ya fundi cherehani kule Temeke. Hiyo iliisha. Ndiyo ninayoihesabu kuwa filamu yangu ya kwanza, na ndiyo nitakayoifumua hapa uzi kwa uzi, makosa yake yakiwemo.

Utahitaji simu yenye kamera nzuri kiasi, maiki mbili za bei ndogo, watu wanne wa kukusaidia mbali na waigizaji, shilingi za Tanzania laki tatu na ushee, na wiki sita hivi. Wiki nne za mwanzo hutagusa kamera.

Hesabu ulicho nacho kabla ya kuandika

Wengi wetu huanza na hadithi, kisha tunahangaika kuitafutia jumba la ghorofa, gari jeusi na askari wawili. Geuza mambo. Chukua karatasi uandike mahali unapoweza kukaa siku mbili nzima bila kufukuzwa, watu wanaoweza kukupa siku hizo mbili, na kitu chochote cha kuvutia macho kilicho karibu nawe. Karatasi yangu ilikuwa na chumba changu cha kupanga (dirisha linatazama ukuta wa jirani), duka la mjomba (wateja hawaishi mpaka saa nne usiku) na fremu ya fundi aliyenishonea sare tangu sekondari. Kwa watu nilikuwa na mwanafunzi mwenzangu wa kike anayejua kunyamaza mbele ya kamera, na mzee mmoja wa kikundi cha maigizo cha mtaani. Kwa vitu, cherehani ya kukanyaga kwa mguu.

Hadithi ikatoka humo. Binti anafuata gauni saa kumi na moja jioni. Sendofu ya dada yake ni saa moja usiku. Fundi anamwambia limebaki kupigwa pasi tu. Kila aliyewahi kushonesha nguo anajua maana yake: kitambaa hakijakatwa. Binti anapandisha hasira, anataka arudishiwe kitambaa chake, na hapo ndipo anapogundua kwamba fundi haoni tena vizuri. Hawezi kutunga uzi kwenye sindano, na anaona haya kusema. Binti anakaa, anautunga.

Angalia hadithi hiyo inataka nini: chumba kimoja, watu wawili, jioni moja, jambo moja linalotakiwa sasa hivi, siri moja. Halafu kuna picha moja, uzi unaokosa tundu la sindano, inayobeba kila kitu. Kama huwezi kuitaja picha moja ya namna hiyo katika wazo lako, subiri kidogo. Bado halijaiva.

Skripti: kurasa sita, basi

Ukurasa mmoja uliopangwa kwa muundo wa skripti huenda kama dakika moja kwenye kioo. Tuzo za Oscar huhesabu filamu fupi kuwa isiyozidi dakika 40 pamoja na majina ya mwisho, na shindano la filamu fupi la Cannes linaishia dakika 15, lakini hizo ni dari, hulazimiki kuzigusa. Dakika tano hadi nane zinamtosha mwanafunzi. Mwenye tamasha hupata nafasi ya kuchomeka filamu ya dakika sita kwenye ratiba yake. Ya dakika 28 inabidi imshangaze kweli ndipo aiondolee nyingine nne.

Kila sini ianze kwa mstari unaosema ni ndani au nje, wapi, na wakati gani. Chini yake andika kinachoonekana na kinachosikika tu. "Fundi anakumbuka ujana wake" haishutiki. "Fundi anafuta miwani kwa kipande cha kitenge, anaivaa, anaivua tena" inashutika.

Mazungumzo yafupishe mpaka yaume. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na salamu nusu ukurasa. Ya mwisho ilikuwa hivi:

NDANI – FREMU YA FUNDI – JIONI

BINTI: Shikamoo fundi.
FUNDI: Marahaba mdogo wangu. Nguo yako ipo.
BINTI: Ipo wapi?
FUNDI: Ipo. Imebaki pasi tu.
(Binti anatazama pasi ya mkaa. Haina moto.)

Neno "haina moto" limefanya kazi ya mistari minne ya kulaumiana. Ukimaliza, wakalishe watu wawili waisome kwa sauti huku saa ya simu ikihesabu. Palipo na ulimi unaojikwaa, badilisha maneno. Palipo na msomaji anayeruka mstari bila kujua, ufute.

Fedha

Hii ndiyo bajeti yangu, kwa watu saba (mimi, kameramani, mtu wa sauti, msimamizi wa mwendelezo, msaidizi mmoja na waigizaji wawili) kwa siku mbili:

- Chai, chapati na wali wa mama ntilie: 70,000
- Fidia ya mwenye fremu: 50,000
- Nauli: 40,000
- Kukodi taa ya LED na stendi: 40,000
- Kadi ya kumbukumbu na flashi: 35,000
- Maiki mbili za waya za kubana shatini: 30,000
- Kitambaa na nguo za wahusika: 25,000
- Akiba: 30,000

Jumla 320,000. Bei za kwenu zitakuwa nyingine, ila uwiano ndio wa kutazama: chakula ndicho kinachoongoza, na kamera haipo kabisa. Watu uliowaomba wafanye kazi bure watakuvumilia jua, kelele na kurudia shoti mara tisa. Njaa hawatakuvumilia. Mpe mtu mmoja ambaye si wewe kazi ya kuhakikisha chai imefika kabla ya saa mbili asubuhi na wali kabla ya saa saba.

Fidia ya fremu usiione hasara. Fundi anapofunga kazi yake ili ushuti, ile ni siku yake ya kula. Na akiba usiitangaze. Ukiitangaza itakuwa soda.

Ruhusa na makaratasi

Kwa Tanzania, filamu zinasimamiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na chombo chenyewe ni Bodi ya Filamu Tanzania. Ndiyo inayotoa kibali cha kutengeneza filamu, na ndiyo inayoikagua na kuipangia daraja la umri kabla ya kuonyeshwa hadharani. Nenda ukiwa na barua ya utambulisho ya chuo, muhtasari wa hadithi na skripti, na uende mapema, ratiba ya kushuti isubiri majibu. Kisha pita ofisi ya serikali ya mtaa unakoshuti, ujitambulishe kwa mwenyekiti au mtendaji. Dakika kumi za pale zitakuokoa siku mtu atakapopiga simu kwamba kuna vijana wenye mataa wanafanya mambo wasiyoyaelewa.

Kambi za jeshi, vituo vya polisi, bandari na uwanja wa ndege usizielekezee kamera, hata kama ni kwa nyuma ya picha tu. Sare za askari pia achana nazo. Droni ina masharti yake kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwa filamu ya watu wawili chumbani huihitaji. Nasema hivi kwa sababu kila darasa lina mwenye droni, na kila mwenye droni anataka filamu yako ianze angani.

Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja na kila mwigizaji na mwenye eneo: jina la filamu, siku za kazi, malipo kama yapo, na kwamba anakubali sura yake au mahali pake kutumika. Wote mtie saini, kila mmoja abaki na nakala. Matamasha huuliza, na urafiki huchacha.

Muziki je? Wimbo wa bongo fleva unaoupenda una mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda. Hata redio ikisikika kwa mbali kwenye sini ni muziki wa mtu. Tafuta mwanafunzi anayepiga gitaa au anayetengeneza biti (midundo), akutungie dakika moja, akuandikie ruhusa. Filamu ya fundi ina sekunde arobaini za muziki, mwishoni tu.

Waigizaji

Mzee wangu alikuwa amezoea jukwaa. Siku ya kwanza ya mazoezi alinguruma kana kwamba kuna watu mia nne nyuma yangu. Sikumwambia apunguze, kwa maana mwigizaji aliyeambiwa apunguze hubaki akijisikiliza mwenyewe. Nilikaa hatua moja mbele yake, kisha nikamwomba anidanganye mimi, hapo hapo, kuhusu nguo yangu. Sauti ikashuka yenyewe.

Ukimwelekeza mwigizaji, mpe kazi ya kumfanyia mwenzake. "Kuwa na huzuni" haifanyiki. "Mfanye asahau aliyekuja kuifuata" inafanyika, na huzuni itakuja au haitakuja. Fanyeni mazoezi mara tatu, angalau mara moja mahali penyewe. Mwenye fremu alimfundisha mzee kukanyaga pedali na kugeuza kitambaa kwa vidole viwili, na mambo hayo mawili yalinifaa kuliko mazoezi yote ya mazungumzo.

Sasa aibu yangu. Tulishuti Jumapili mbili zilizofuatana, wiki moja katikati. Jumapili ya pili mzee akaja amenyoa ndevu, kichwa kinang'aa, amependeza. "Mwanangu, si mmesema kamera?" Hakuna aliyemwambia asinyoe. Shoti zote za uso wake zilizobaki zikageuka shoti za mgongo na mikono. Shuti siku mbili mfululizo kama unaweza, na kama huwezi, waandikie waigizaji ujumbe wa wazi kuhusu nywele, ndevu, kucha na nguo. Msimamizi wa mwendelezo apige picha ya kila kitu mwisho wa kila shoti: mkasi uko upande gani, kikombe kimejaa kiasi gani, kifungo kipi kimefungwa.

Vunja skripti iwe shoti

Kaa na kameramani mahali penyewe, skripti mkononi, muandike kila shoti mtakayoipiga na kwa nini. Orodha ya filamu ya fundi ilikuwa na shoti 22, kumi na moja kwa siku. Anayeanza asijipangie zaidi ya kumi na tano kwa siku. Utafika ya tisa jua linazama.

Njia salama ni hii. Piga kwanza shoti pana inayobeba sini nzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Halafu uso wa binti, sini nzima tena. Halafu uso wa fundi. Halafu vitu vidogo: pasi, uzi, tundu, mguu kwenye pedali. Ukiwa na hivyo, mhariri hatakosa pa kukimbilia. Vitu vidogo usivipuuze, maana ndivyo vinavyoficha makosa. Mikono ya fundi iliniokoa na zile ndevu.

Kuna kanuni moja ya kamera ambayo ukiivunja bila kujua mtazamaji ataona kitu hakijakaa sawa asijue ni nini. Vuta mstari wa kuwaziwa kati ya wahusika wawili wanaozungumza, kisha kamera ikae upande mmoja tu wa mstari huo, ndani ya nyuzi 180. Binti akiwa anatazama kulia, fundi atazame kushoto, siku zote. Ukiruka mstari, wote wataonekana wanamtazama mtu wa tatu asiyekuwepo. Sisi tulibandika utepe sakafuni.

Kisha panga ratiba kwa kufuata mahali na mwanga. Mtiririko wa hadithi usikubane: sini ya mwisho inaweza kuwa ya kwanza kushutiwa. Ila zile sini za hisia nzito usiziweke asubuhi ya kwanza, kabla watu hawajazoeana.

Sauti, ambayo ndiyo itakayokuua

Mtazamaji atasamehe picha yenye chengachenga. Sauti asiyoisikia hasamehi, ataizima. Na maiki iliyo ndani ya simu inayopiga picha iko mbali na mdomo, inasikia chumba kizima: feni, bodaboda, kunguru.

Tulichofanya ni cha bei ndogo na kilifaa. Kila mwigizaji alivaa maiki ya waya chini ya nguo, kiganja kimoja hivi chini ya kidevu, waya ukashuka mpaka kwenye simu nyingine mfukoni mwake inayorekodi sauti peke yake. Simu zote zilikuwa hali ya ndege. Kabla ya kila shoti msaidizi alisimama mbele ya kamera, akasema "sini ya kwanza, shoti ya nne, mara ya pili", akapiga kofi moja. Kofi hilo linaonekana kwenye picha na linasikika kwenye rekodi zote, basi wakati wa kuhariri unaoanisha kilele cha kofi na mikono inayokutana. Jaribu nyumbani kabla. Kitenge kipya hukwaruza maiki kama karatasi. Nguo iliyofuliwa mara nyingi hunyamaza.

Chumba chenyewe kinahitaji kutulizwa. Ukuta mtupu na bati huleta mwangwi, kwa hiyo tundika blanketi au tandaza godoro upande usioonekana. Sisi tulikuwa na bahati: fremu ya fundi imejaa vitambaa, na vitambaa humeza sauti. Zima feni. Friji ya soda ya duka jirani ilikuwa inanguruma kila baada ya dakika chache. Tulimwomba mwenye duka aizime kwa muda, na ili tusisahau kuiwasha, kameramani akaweka funguo za nyumba yake ndani ya friji. Hakuondoka bila kuiwasha.

Kaa mahali hapo siku moja kabla, saa zile zile utakazoshuti, na uandike kelele na saa zake. Adhana ya alasiri, magari ya mchanga, watoto wanaotoka madrasa, mpira wa jioni kwenye banda la jirani. Msikiti hautanyamaza kwa ajili yako na haupaswi kunyamaza; weka mapumziko ya chai muda huo. Mvua ikipiga bati hakuna maiki itakayokusaidia, kwa hiyo miezi ya masika, Machi hadi Mei, ukiweza iepuke kwa sini za mazungumzo.

Mwisho wa kila sini, kila mtu abaki alipo, kimya, mrekodi dakika moja ya chumba kitupu. Vijana huona ni upuuzi. Siku ya kuhariri, kila ukikata pumzi au kikohozi unabaki na shimo la ukimya wa kifo, na ile dakika moja ndiyo kiraka chake.

Rekodi pia sauti za vitu peke yake: mkasi, mlango, pasi ikiwekwa chini. Mimi nilisahau cherehani. Wakati wa mazungumzo mzee alikuwa anakanyaga taratibu ili asiwafunike, na nilipofika kwenye uhariri sikuwa na mlio mmoja mzuri. Nikarekodi cherehani ya jirani yangu Mbagala, nikaichomeka. Hakuna atakayejua, nilijiambia.

Kamera na mwanga

Futa kioo cha kamera. Sicheki, nusu ya picha zenye ukungu ni mafuta ya kidole. Tumia programu ya kamera inayokuruhusu kurekebisha mambo kwa mkono; Blackmagic Camera ni ya bure, na kwa Android ipo Open Camera. Weka picha 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Sababu ni umeme wetu: unatetemeka mara 50 kwa sekunde, na taa nyingi za bei nafuu zinawaka na kufifia nao bila jicho kuona. Kamera iliyowekwa 30 na 1/60, kama simu nyingi zinavyokuja, itaona michirizi ikitembea kwenye ukuta. Funga fokasi, funga kiwango cha mwanga, funga rangi ya mwanga. Usipofunga, simu itajibadilisha yenyewe katikati ya sentensi kila mtu akipita mlangoni. Usivute kwa vidole, sogea mwenyewe.

Ubora wa 1080p unatosha. Simu nyingi hula takribani MB 130 kwa dakika kwa ubora huo, na karibu mara tatu kwa 4K. Sisi tulirekodi dakika 95, zikawa kama GB 12, na kompyuta yangu ya kuazima ililia hata kwa hizo.

Traipodi ukikosa, mfuko wa mchele wa kilo mbili juu ya stuli unashika simu vizuri kuliko mkono.

Jua la Dar kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa linasimama utosini, linachimba mashimo meusi machoni pa mtu. Saa hizo ingia ndani. Mkalishe mwigizaji karibu na mlango au dirisha, mwanga umjie ubavuni, na upande wa giza weka shuka jeupe au kadibodi iliyofunikwa foili ya kuokea urudishe mwanga kidogo. Mlango ukiwa nyuma yake atakuwa kivuli. Hiyo ni nzuri mara moja, kwa makusudi. Jioni yetu ni fupi. Jua huzama baada tu ya saa kumi na mbili, au kufikia saa moja kasorobo kwa baadhi ya miezi, na giza halichukui nusu saa. Shoti ya nje ya binti akikimbilia fremu tuliifanyia mazoezi saa kumi, tukasubiri, tukaipiga mara tatu ndani ya dakika kumi na tano. Sini za ndani zilizobaki tuliziwekea jioni ya uongo: taa ya LED nje ya dirisha, chini, imefunikwa kitambaa cha rangi ya chungwa. Kitambaa kisiguse taa, na asiwepo wa kuiacha peke yake.

Siku yenyewe

Fika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Soma orodha ya shoti kwa sauti, kila mtu ajue ya kwanza ni ipi. Betri zote zimejaa, pawabenki zipo, umeme ukikatika mnaendelea.

Kila shoti ina mpangilio mmoja usiobadilika: kimya, sauti inarekodi, picha inarekodi, kofi, hesabu hadi tatu moyoni, anza. Mwigizaji akimaliza usiseme "kata" haraka. Mwache sekunde tano. Uso wa binti baada ya uzi kupita ulitokea ndani ya sekunde hizo tano, wala haukuwemo kwenye skripti.

Ukichelewa, na utachelewa, futa shoti nzima badala ya kulipua zote. Mimi nilifuta sita. Msaidizi abaki mlangoni kuongea na wapita njia kwa heshima: "Samahani mzee, tunarekodi kidogo, dakika mbili tu." Na usiku huo huo, kabla ya kuoga, nakili kila faili sehemu mbili tofauti, kompyuta na diski ya mtu mwingine. Usifute simu mpaka umefungua faili tatu nne uone zinacheza.

Uhariri

DaVinci Resolve ni ya bure na ina kila utakachohitaji, ila inataka kompyuta yenye nguvu. Iambie itengeneze nakala nyepesi za video ufanyie kazi hizo. Kompyuta ikishindwa kabisa, CapCut kwenye simu itamaliza filamu ya dakika sita.

Kabla ya chochote, jua kwamba simu nyingi hazipigi picha 25 kamili kila sekunde; zinaongeza na kupunguza. Matokeo yake mdomo na sauti huachana taratibu, dakika ya kwanza sawa, ya nne hovyo. Pitisha faili kwenye HandBrake, programu ya bure, uchague kasi isiyobadilika ya 25. Ingenisaidia kulijua hilo kabla sijakesha siku mbili nikimlaumu mtu wa sauti.

Panga kwanza filamu nzima kwa mpangilio wa skripti, mbaya mbaya, bila muziki wala rangi. Yangu ilitoka dakika tisa. Kisha kata viingilio: mtu anafungua mlango, anatembea, anakaa. Mtazamaji anajua mlango unafunguliwaje. Ilibaki saba. Iache siku mbili. Halafu mwonyeshe mtu asiyeijua hadithi, wewe mtazame yeye. Anapogusa simu yake, andika dakika. Ikabaki sita na sekunde kumi.

Mazungumzo yapande hadi kati ya -12 na -6 dB kwenye kipimo cha sauti cha programu, chini yake ipite ile sauti ya chumba bila kukatika. Sikiliza kwa hedifoni, halafu kwa spika ya simu ndogo, maana wengi watakusikilizia huko. Weka maandishi ya tafsiri kama unataka matamasha ya nje, na mtu mwingine ayasome kabla hujayafunga. "Imebaki pasi tu" ilinichukua usiku mzima kuitafsiri.

Itoe nje

Usiipandishe YouTube siku ile ile. Baadhi ya matamasha hutaka filamu ambayo bado haijawekwa hadharani, hivyo ifungie kwenye kiungo chenye nywila. ZIFF, tamasha la Zanzibar lililoanzishwa 1997 na ambalo kitovu chake kwa miaka mingi kimekuwa Ngome Kongwe, ni mahali pa kujaribu, na matamasha mengi duniani hupokea filamu kupitia tovuti ya FilmFreeway. Soma ada kabla ya kubofya. Mengine ni ya bure kwa wanafunzi, mengine yatameza bajeti yako yote kwa filamu moja. Andaa picha tatu nzuri zilizotolewa kwenye filamu, muhtasari wa sentensi mbili na wasifu mfupi.

Kabla ya yote hayo wapelekee waliokusaidia. Nilirudi Temeke jioni moja na kompyuta, tukakaa na mwenye fremu kwenye benchi lake la wateja. Alitazama kimya mpaka mwisho, akaomba nirudie. Mara ya pili alisimamisha kidole pale mzee anapoanza kushona.

"Hiyo cherehani si yangu," akasema. "Yangu haina mlio huo."